Kondo la Nyuma Likitangulia Mbele: Istilahi za Mji wa Mimba na Kazi Zake

Miongoni mwa maswali ambayo wafasiri na walimu hutuletea, liko moja linalorudi mara kwa mara kwa sura mbalimbali. Ile ogani ya mwanamke ambamo mtoto hukua iitwe mji wa mimba, mfuko wa uzazi, nyumba ya uzazi, au kizazi? Na kile kitokacho baada ya mtoto kuzaliwa kiitwe kondo la nyuma, kondo ya nyuma, au zalio? Aulizaye aghalabu hutaka jibu la mstari mmoja, nasi tungependa kumpa. Lakini maneno haya hayakuundwa na kamati yo yote. Yalikuwako kabla ya Baraza, na kila moja liliona upande mmoja tu wa kitu kile kile. Anayechagua baina yake bila kuifahamu kazi ya ogani yenyewe aweza kuandika sentensi iliyo sahihi kwa sarufi na yenye kumpoteza msomaji, na katika uwanja huu kupotea kwa msomaji kwaweza kumgharimu mtu uhai. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuzieleza kazi na majina kwa pamoja.

Mifano yetu tumeielekeza Ikola, kijiji kilicho kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika sehemu iliyokuwa ya Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa, na ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Katavi. Huko Kiswahili kinaunganisha watu ambao nyumbani husema Kibende, Kitongwe, Kiholoholo au Kifipa, pamoja na wavuvi na wachuuzi wavukao ziwa kutoka Kongo. Na katika wilaya hiyo hiyo yamo makazi ya Mishamo, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu waliotoka Burundi. Neno la kitaalamu likifika mahali kama hapo pasipo kujieleza lenyewe, haliko neno la Kiingereza la kulikimbilia. Tena kutoka mwambaoni hadi hospitali ya Mpanda ni safari ndefu ya barabara, hasa wakati wa masika. Mwanamke hawezi kuacha watoto na shamba lake akaifunga safari hiyo kwa ajili ya neno asilolielewa.

Tuanze na kizazi. Neno hili ndilo lililoenea kuliko yote katika matangazo ya afya, na kila mtu analitambua katika usemi wa saratani ya mlango wa kizazi, hasa tangu mwaka 2018, nchi ilipoanza kuwachanja wasichana dhidi ya ugonjwa huo. Lakini kizazi ni neno lenye mizigo mingi. Ni watu wa rika moja, ni uwezo wa kuzaa, ni tendo la kuzaa lenyewe, na ni ogani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000, ambapo ule wa miaka ya 2015 na 2016 ulikuwa umekadiria 556. Mfasiri asiye makini akiisoma taarifa hiyo sambamba na nyingine isemayo kwamba mgonjwa ametolewa kizazi, atakuwa na neno moja kwa mambo mawili yasiyohusiana: vizazi vya kwanza ni watoto, kizazi cha pili ni nyama ya mwili. Hatusemi neno lifutwe, kwa kuwa mlango wa kizazi umekwisha kukaa katika ndimi za watu na kuung'oa ni kupoteza wakati. Twasema tu kwamba kizazi kikisimama peke yake katika maandishi ya kitaalamu hakitoshi.

Mfuko wa uzazi nao una kasoro ya namna nyingine. Mfuko ni kitu kisicho na nguvu zake. Hubeba ulichotiwa, na ukimiminwa hunywea. Ogani tunayoizungumzia haiko hivyo hata kidogo. Kwa mwanamke ambaye hajapata kubeba mimba, urefu wake ni sentimita 7 au 8 hivi na uzito wake gramu 50 hadi 70. Nafasi iliyomo ndani haizidi vijiko viwili vya maji. Mimba ikitimia, ogani hiyo peke yake, mbali na mtoto, huwa na uzito wa karibu gramu 1,000, na ndani yake huenea kadiri ya lita 5. Ukuaji huo si wa kuvutika kama mpira. Nyuzi za misuli yake zenyewe hurefuka na kunenepa mara nyingi kuliko zilivyokuwa. Kwa muda wa miezi tisa misuli hiyo hutulizwa isijikaze, kisha kwa siku moja hutakiwa kujikaza kwa nguvu kuliko karibu misuli yote mingine ya mwili.

Jina linalotupendeza zaidi ni mji wa mimba. Wako wanaocheka wakisema mji ni Mpanda au Tabora. Lakini Kiswahili kina matumizi mengine ya neno hilo ambayo wanawake wanayajua vizuri kuliko waandishi wa kamusi: katika kanga, pindo ni ule ukingo uzungukao, na mji ni sehemu ya katikati iliyozungukwa. Mji ni mahali pa ndani penye kukaliwa, palipo na ulinzi pande zote. Jina hili basi linabeba maana ya makazi na ya ukuta, na ukuta ndio kiini cha mambo yote tutakayoyaeleza hapa chini. (Waarabu wana neno rahim, lenye shina moja na lile lililotupatia rehema. Si la kuliazima kwa ogani, maana kazi hiyo limekwisha kupata mwenyewe, ila si vibaya mwalimu akilijua.)

Sasa tuingie ndani ya mji huo. Yai lililorutubishwa husafiri katika mrija, na kati ya siku ya 6 na ya 10 hujipachika katika utando laini wa ndani ya ukuta. Twapendelea kitenzi kujipachika kuliko kushika, kwa sababu kiinitete hakiningʼinii juu ya ukuta, hujichimbia humo. Sehemu yake ya nje huotesha vijitawi vingi vinavyojigawa na kugawanyika tena kama mizizi, na vijitawi hivyo huingia katika vidimbwi vya damu ya mama. Wakati huo huo chembe zitokazo kwa kiinitete huipanua mishipa myembamba ya damu iliyo katika ukuta, hata ikaweza kupitisha damu nyingi bila kubana. Hiyo ndiyo asili ya kondo. Na hapa pana jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka mno: sehemu kubwa ya kondo ni ya mtoto. Imetoka katika yai lile lile lililomzaa yeye. Mama hutoa kitanda chake na damu inayokizunguka.

Jina la kitaalamu la kimataifa la ogani hii, plasenta, lilitolewa mwaka 1559 na mtaalamu wa Kiitalia Realdo Colombo, kwa neno la Kilatini lenye maana ya mkate bapa. Wajerumani hadi leo huiita keki ya mama. Wao waliangalia umbo, na umbo kweli ni la mkate: kondo lililokomaa lina upana wa sentimita 20 hivi, unene wa sentimita 2 au zaidi kidogo, na uzito wa karibu nusu kilo. Wahenga wetu hawakuangalia umbo. Waliangalia zamu. Mtoto hutangulia, na hilo hufuata nyuma, basi likawa kondo la nyuma. Zalio nalo ni jina la namna hiyo hiyo, kwa kuwa linatokana na kuzaa na kukitaja kitu kwa siku ya kuzaa tu. Majina yote mawili yamewekwa na wakunga, watu waliokiona kitu hicho kikiwa kimekwisha kumaliza kazi. Hakuna lawama katika hilo. Nani angeweza kukiona kabla?

Lakini kazi yake yote ni ya kabla. Kondo ndilo pafu la mtoto, ndilo utumbo wake na ndilo figo lake, miezi yote ambayo viungo hivyo vinajengwa na havijaweza kujitegemea. Karibu na wakati wa kujifungua, damu ya mama ipitayo katika mji wa mimba hufika nusu lita na zaidi kwa kila dakika. Katika damu hiyo mtoto hupata oksijeni, sukari, madini na maji, na kwayo hurudisha kaboni dioksaidi na taka nyingine. Miezi ya mwisho hupata pia kingamwili za mama, ambazo humlinda kwa muda baada ya kuzaliwa.

Yafaa hapa tuwatahadharishe wafasiri juu ya sentensi moja iliyozoeleka: damu ya mama humwendea mtoto kupitia kondo. Sivyo. Damu mbili hizo, katika hali ya kawaida, hazichanganyiki. Katikati yake upo utando mwembamba wa vile vijitawi, na vijitawi hivyo vikikunjuliwa vyote hutoa eneo la zaidi ya mita 10 za mraba. Kinachovuka ni vitu vilivyomo katika damu, kila kimoja kwa njia yake. Kwa hiyo tunashauri kitenzi kupenya kwa vitu vinavyopita wenyewe, na kuvusha pale ambapo kondo lenyewe hufanya kazi ya kukichukua kitu upande huu na kukifikisha upande wa pili. Tofauti hiyo si ya mapambo. Mwalimu akisema damu ni moja, mwanafunzi atauliza mtoto awezaje kuwa na kundi la damu lisilo la mama yake, na swali lake litakuwa la haki. Kadhalika mtu asidhani utando huo ni ngome. Pombe hupenya, moshi wa sigara hupeleka sumu zake, na baadhi ya virusi huvuka.

Malaria yahitaji maelezo yake mahsusi, kwa sababu mwambao wa ziwa una mbu. Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, kwa kazi iliyofanyika magharibi ya Kenya, walionyesha kwamba vimelea vya malaria kwa mjamzito hunata katika kondo kwa kushika kemikali maalumu iliyo juu ya utando wake. Basi damu ya kidoleni yaweza kuonyesha vimelea vichache au isionyeshe kabisa, ilhali kondo limejaa na mtoto anapungukiwa. Hii ndiyo sababu mjamzito hupewa dawa ya kinga kliniki hata kama hana homa. Mtangazaji wa afya asemaye tu kwamba malaria ni mbaya kwa mama na mtoto amesema kweli isiyomsaidia mtu. Akisema malaria hujificha katika kondo na kukata riziki ya mtoto, amesema jambo ambalo mama wa Ikola ataondoka nalo.

Kazi nyingine ya kondo ni ya homoni. Majuma ya mwanzo, homoni ya projesteroni inayoutuliza ukuta wa mji wa mimba hutoka katika ovari. Kufikia juma la 8 hadi la 10 hivi, kondo huwa limeichukua kazi hiyo. Mji na kondo basi vinasaidiana: ukuta unalilisha kondo, na kondo linauzuia ukuta usijikaze kabla ya siku zake.

Juu ya chupa hatuna mengi. Ule utando wenye maji anamoelea mtoto huitwa chupa ya uzazi, na kila mkunga husema chupa imepasuka. Liachwe kama lilivyo. Kiungamwana kina matata kidogo, kwa kuwa wengi husema kitovu kwa vyote viwili, yaani ile kamba yenye urefu wa sentimita 50 hadi 60 iliyomwunganisha mtoto na kondo, na lile kovu linalobaki tumboni. Mtu akisema hapa ndipo kilipozikwa kitovu chake, tumwache aseme. Lakini katika mwongozo wa wauguzi, kikatwacho kiitwe kiungamwana. Ndani yake mna ateri mbili na vena moja, na hapo pana mtego. Vitabu vingine bado hufafanua ateri kuwa mshipa wa damu safi na vena kuwa wa damu chafu. Katika kiungamwana ni kinyume: vena ndiyo iletayo damu yenye oksijeni kwa mtoto. Ufafanuzi ulio salama ni wa kuitazama njia, kwamba ateri hutoka moyoni na vena hurudi moyoni.

Tumefika sasa mahali ambapo jina kondo la nyuma hutuletea shida kubwa. Mara chache kiinitete hujipachika chini mno, na kondo likaota juu ya mlango wa mji wa mimba, likiwa limetangulia mbele ya mtoto. Wafasiri wamekuwa wakiandika sentensi kama hii: kondo la nyuma likiwa mbele, mama apelekwe hospitali mapema. Tulipoisoma sentensi ya namna hiyo mbele ya akina mama wa Ikola, bibi mmoja aliyekwisha kupokea watoto wengi wa kijiji alituuliza, "Wanangu, la nyuma litakuwaje mbele? Au mnasema mtoto amegeuka, anatanguliza matako?" Tukamwambia, "Hapana bibi, mtoto yupo sawa, ila kondo limekaa mlangoni." Akasema, "Basi si mseme limeziba mlango!"

Bibi huyo alitufanyia kazi ambayo vikao vingi havijaifanya. Alionyesha kwamba msikilizaji hatalichukua neno nyuma kama sehemu ya jina; atalichukua kwa maana yake ya kila siku, na maana hiyo ikigongana na mbele atatafuta maana nyingine ya kuziba pengo. Alichokipata yeye kilikuwa hatari nyingine kabisa, yenye tiba nyingine kabisa. Kondo lililoziba mlango hutoa damu katika miezi ya mwisho, na mara nyingi damu hiyo huja bila maumivu. Mwanamke asiye na uchungu hujiona hana ugonjwa. Mkunga naye akiingiza kidole kupima njia aweza kulichana kondo na kufungua damu asiyoweza kuizuia. Mama wa namna hiyo yampasa awe karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji kabla ya siku zake, si baada ya kuona dalili. Kwa mtu wa Ikola maana yake ni kuhamia Mpanda kwa muda, akiwa mzima na anatembea. Bila neno lililo wazi, atahamia kwa hoja gani?

Kwa hiyo tunapendekeza kondo, bila nyuma, liwe jina la ogani wakati wote wa mimba, kwa upatanisho wa li- na ya-: kondo limeota, makondo ya pacha. Washairi wana kondo lao lenye maana ya vita, na hatudhani yupo atakayewachanganya mkunga na askari. Kondo la nyuma libaki kwa siku ya kuzaa, kwa maana ya kondo lililokwisha kutoka au linalosubiriwa kutoka. Umbo la zamani, kondo ya nyuma, lisihesabiwe kuwa kosa katika vitabu vilivyokwisha kuchapwa. Hali tuliyoieleza iitwe kutangulia kwa kondo katika vitabu. Lakini maandishi yote yamwendeayo mjamzito mwenyewe yaseme kondo limeziba mlango.

Hatari nyingine zitengwe nayo kwa vitenzi, kwa kuwa Kiswahili ni tajiri wa vitenzi kuliko wa majina. Kondo likiachana na ukuta kabla mtoto hajazaliwa, tuseme limebanduka. Hapo maumivu huwa makali, tumbo huwa gumu, na damu yaweza kujificha nyuma ya kondo isionekane nje. Likibaki ndani zaidi ya dakika 30 baada ya mtoto kutoka, limekwama. Likiwa limeota kupita kiasi ndani ya ukuta, jambo linalowapata zaidi waliokwisha kupasuliwa katika uzazi uliopita, limeng'ang'ania. Tumekuta maandishi yanayotumia kuachia kwa yote matatu. Msomaji hapo hajui kama kondo limeachia mapema, limekataa kuachia, au limeachia vizuri.

Tofauti kati ya kukwama na kutoka salama ndiyo inayoturudisha kwenye ukuta. Nyuzi za misuli ya mji wa mimba zimepishana kama miyaa ya ukili, na mishipa ya damu imepita katikati yake. Kondo likitoka, nyuzi hizo hujikaza na kuibana mishipa kama kamba inavyobana mdomo wa gunia. Bila hivyo, ile nusu lita ya kila dakika ingemwagika. Kipande cha kondo kikibaki ndani, au misuli ikiwa imechoka kwa uzazi mwingi au kwa uchungu wa muda mrefu, mbano haukamiliki. Damu ikifika mililita 500 huhesabiwa kuwa hatari, na mama aweza kufa kabla gari halijapatikana. Ndiyo maana mwuguzi humdunga mama sindano ya oksitosini mara tu mtoto anapozaliwa. Mfasiri asiandike kwamba sindano hiyo ni ya kuongeza nguvu, kama tulivyoona mahali fulani; mama aweza kuikataa akidhani hahitaji nguvu. Ni sindano ya kuukaza mji wa mimba.

Kazi ya kutafuta maneno kama haya si mpya katika mwambao huo. Kule Karema, jirani na Ikola, Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa uganga wa kisasa huko Malta, alitibu watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa miaka ipatayo 65 ilimbidi kumweleza mgonjwa ugonjwa wake kando ya kitanda, na Baraza lilikuwa halijaundwa. Sheria yake ni ya mwaka 1967.

Limebaki neno moja ambalo hatujaliafiki, nalo ni la vile vijitawi vya kondo viingiavyo katika damu ya mama. Wako waliopendekeza vinyweleo, lakini kinyweleo ni cha ngozi na kinatoa jasho. Wengine wamesema vidole, ambavyo ni vikubwa mno. Sisi kwa sasa tunaandika vimizizi, kwa kuwa hujigawa kama mizizi na hunyonya kama mizizi, ingawa mwalimu mmoja wa kilimo ametukumbusha kwamba mzizi haurudishi taka udongoni kwa namna ile. Wasomaji wenye neno bora, hasa kutoka lugha za mwambao wa ziwa, waliandike pamoja na sentensi linamotumika, wamletee mhariri kabla ya toleo lijalo.